Usafi Kabla ya Pambo: Risala Juu ya Choo na Jiko katika Nyumba za Mtindo wa Kale

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji toka mbinguni yawe safi na yenye kusafisha, akayafanya kuwa ufunguo wa ibada. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Katika zama hizi watu wengi wa pwani, tokea Lamu hata Unguja, wamerejea kuzipenda nyumba za wazee. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Na tangu hapo nyumba za mawe, ambazo zamani wenyewe walikuwa wakizihama na kuziacha zianguke, zimepata bei na heshima. Huyu anatengeneza yake ili akae, na huyu anatengeneza yake ili apangishe wageni. Na mahali panapotiwa bidii na mali kupita pote ni pawili: choo na jiko. Choo hurudishiwa birika na vidaka vya chokaa, na jikoni huletwa masufuria ya shaba, mitungi, na vyombo vya ukindu.

Jambo hili kwa asili yake si baya. Mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mwenye kupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, kama hicho ni kiburi, akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kukataa haki na kudharau watu. Ameipokea hadithi hii Imamu Muslim. Basi kupamba nyumba si dhambi, na kuhifadhi kazi ya wazee ni katika wema kwao. Lakini mwenye kuiga yapasa ajiulize aiga nini: sura ya kitu, au maana yake? Kwani choo cha wazee na jiko lao havikufanywa hivyo kwa kutazamwa. Vilifanywa hivyo kwa ajili ya twahara. Na mwenye kuchukua pambo akaiacha twahara ni kama mtu aliyenunua ala ya upanga, upanga wenyewe akauacha dukani.

Asili ya Mtindo

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika pwani hii mwaka 1331. Katika habari za Mombasa hakusifu majumba wala hazina. Alichokitaja ni kuwa watu wake ni watu wa dini na wema, na kwamba kwenye milango ya misikiti yao mna kisima kimoja au viwili. Kwamba maji hutekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mrefu kama dhiraa moja. Kwamba ardhi ya hapo imesawazishwa. Na kwamba anayetaka kuingia msikitini huosha miguu kwanza, kisha huipangusa kwenye mkeka mgumu uliowekwa mlangoni. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuona Makka na Misri na Sham, wala hakuona haya kuandika habari za kata na mkeka wa kupangusia miguu. Aliona kuwa katika vitu hivyo vidogo ndimo dini ya watu inamodhihirika.

Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, mji ulioachwa katika karne ya 17, hata leo vyaonekana vyoo vya mawe ndani ya nyumba na mahali pake pa kustanjia. Na katika nyumba za Lamu za karne ya 18 choo kilijengwa ubavuni mwa ndani, karibu na mahali pa kulala, ili mwanamke, au mgonjwa, au mzee asilazimike kutoka nje usiku kwa haja yake. Hapo ndipo palipotiwa birika la maji, na vidaka vya kuwekea vyombo, na nakshi za chokaa. Basi pambo lilikuja, lakini lilikuja nyuma ya maji, nyuma ya stara, na nyuma ya huruma kwa wakazi wa nyumba.

Tena Unguja mna mfano mwingine. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alishika ufalme katika mwaka ambao mji ulikuwa umepigwa na kipindupindu kilichoingia mwaka 1869. Katika siku zake alijenga hamamu ya watu wote, mahali paitwapo hata leo Hamamni, na pia alileta mjini kwa mifereji maji ya chemchemi za nje ya mji. Hamamu ile haijavunjika. Kuta zake zipo na wageni huingia kuzitazama. Lakini maji hayamo. Ndivyo kinavyokuwa kila choo kilichorudishiwa sura kikanyimwa kazi yake: ni hamamu isiyo maji.

Birika

Na ajue msomaji kuwa birika la kale ni fikihi iliyojengwa kwa chokaa. Watu wa pwani hii walio wengi ni wafuasi wa Imamu Shafii, na katika madhehebu yake maji yasiyofika kulla mbili hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu, ijapokuwa hayakugeuka rangi, wala ladha, wala harufu. Na kulla mbili wanavyuoni wamezipima kuwa ni mahali penye dhiraa moja na robo kwa urefu, na kadiri hiyo kwa upana, na kadiri hiyo kwa kina. Nayo ni kama lita 200. Mabirika mengi ya majumbani hayafiki kipimo hicho, hasa maji yakipungua kiangazi. Kwa hiyo wazee hawakuingia birikani wala hawakutia mikono humo. Walichota kwa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu, wakajimiminia kando, na maji yaliyotumika yakaenda zake kwenye mchirizi. Na kata haikulazwa sakafuni, bali ilitundikwa, ili unyevu wa chini usipande nayo mpaka birikani.

Leo huonekana birika limejengwa upya kwa ustadi, na kando yake, juu ya sakafu ya choo, kuna kopo la shaba linalong'aa. Anayeingia hulichukua sakafuni pale pale penye marashomarasho ya watu, akalichovya birikani, akatawadha. Kopo ni zuri, na birika ni zuri, lakini udhu u wapi? Kama najisi imegusa kopo, imeingia majini. Na kama maji ni machache, yameharibika yote. Na aliyetawadha kwayo amesimama mbele ya Mola wake bila ya twahara. Dawa yake ni msumari mmoja ukutani wa kutundikia kata. Mtume (S.A.W.) amemkataza hata mtu aliyeamka usingizini asitie mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu, kwani hajui mkono wake umelala wapi. Basi kopo lililolala sakafuni hali yake ni ipi?

Jambo la pili la birika ni bakuli na samaki. Katika mabirika ya Lamu chini kabisa, ndani ya sakafu ya birika, hutiwa bakuli la kauri ya China. Mtazamaji hudhani ni pambo tu. Nalo ni pambo, lakini lina kazi: maji yanapokwisha, taka hutua humo zikachotwa, na samaki wadogo waliomo birikani hupata mahali pa kukaa mpaka maji yaongezwe. Na samaki hao hawakutiwa kwa mchezo. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Wanavyuoni wa Kishafii wamekwisha kutaja msamaha kwa kinachotoka kwa samaki katika maji, madamu hakikuyageuza; kwa hiyo fikihi haikuwazuia wazee wasilinde afya zao.

Mwaka 2004 mvua zilikuwa haba Lamu, na watu wakayaweka maji majumbani kwa siku nyingi bila ya kuyabadili. Ikazuka homa iitwayo chikungunya, jina lililotoka katika lugha ya Kimakonde, maana mgonjwa hukunjamana kwa maumivu ya viungo. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa kama robo tatu ya watu wa mji walikuwa wamepatwa. Mwaka 2005 ikavuka bahari ikaingia Ngazija. Na mbu anayeieneza homa hii, ambaye ndiye aenezaye na homa ya dengi, hatafuti matope wala maji machafu. Huzaa katika maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba: katika mapipa, na mitungi, na mabirika. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo huvumilia ukavu miezi mingi. Maji yakipanda, yakaanguliwa.

Basi mwenye kurudisha birika la kale ili lipendeze macho, akalijaza maji yasiyotumiwa, asiweke samaki, wala kifuniko, wala asilisugue, ametengeneza kiota cha mbu katikati ya nyumba yake, na madhara yake hayatamwishia yeye. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai yamo ukutani. Yafaa birika lisuguliwe kwa makumbi ya nazi kila siku 7, juu mpaka chini. Kwa joto la pwani mbu huhitaji kama siku hizo hata atoke majini aruke, basi anayesugua kila wiki humkata njiani. Na Muislamu hana haja ya kuhesabu kwa vidole: josho la Ijumaa ni sunna kwa mwili wake, na alifanye kuwa ada kwa birika lake pia, asubuhi ya siku hiyo au jioni ya Alhamisi.

Jambo la tatu ni kiasi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, na akioga kwa saa moja hata mudd tano. Na mudd ni kadiri ya viganja viwili vya mtu wa kadiri vilivyojaa. Na saa ni mudd nne, nayo haizidi sana lita 3. Kata iliufuata mwendo huu: mtu huona anachomimina. Lakini katika vyoo vingine vilivyoitwa vya kale, birika limekuwa la kutazamwa, na juu yake pametundikwa bomba kubwa la mvua lipatalo kumwaga lita 10 kwa dakika moja, na nyumba ya jirani ina zamu ya kungoja maji ya mfereji. Mwenyezi Mungu amekataza israfu hata katika kula na kunywa, katika Sura ya Al-Aaraf. Kumwaga maji yanayohitajiwa na mwingine ni israfu iliyochanganyika na kumsahau jirani.

Kuta na Pambo Lake

Kuta za wazee zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya tanuu ya kuni, kisha kuyatia maji mpaka yakalegea. Chokaa ina siri mbili. Ya kwanza, ni kali, na vijidudu na ukungu havistawi juu yake inapokuwa mpya. Kwa hiyo kupaka chokaa kila mwaka kulikuwa ni usafi kabla ya kuwa weupe. Ya pili, hupumua: unyevu unaoingia ukutani hutoka tena. Mwenye kupiga saruji juu ya ukuta wa matumbawe, kisha akaupaka rangi ya kung'aa ili ufanane na chokaa ya kale, ameufungia unyevu ndani pamoja na chumvi yake. Kwa muda ukuta utapendeza. Baadaye rangi itatoka magamba, ukungu utaingia pembeni, na jiwe litaanza kumomonyoka kwa ndani. Mali imepotea, na choo kina harufu.

Na katika kusafisha pia kuna elimu. Ndimu, na siki, na dawa za asidi za kusugulia choo, hula chokaa. Ukuta wa kale husafishwa kwa maji, na burashi laini, na sabuni kidogo, kisha hupakwa chokaa upya. Na dawa ya klorini itumiwayo kung'arisha nguo isichanganywe kabisa na siki, wala ndimu, wala dawa ya asidi, wala amonia; kwani hutoka hewa ya sumu, nayo katika choo kidogo kisicho dirisha hupata kumwangusha mtu. Mara nyingi anayetumwa kufanya kazi hiyo ni mtumishi asiyeweza kusoma maandishi ya chupa. Mwenye nyumba ataulizwa juu yake, kwa kuwa kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Ama kuhusu kupamba, Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia nyumbani, na Mtume (S.A.W.) aliporejea safarini akaliona, uso wake ukaonyesha kuchukiwa, akalivuta mpaka likachanika, akasema kuwa Mwenyezi Mungu hakuwaamrisha watu kuyavika nguo mawe na udongo. Ameipokea Muslim. Imamu Nawawi, katika kuieleza, amesema haionyeshi kuwa ni haramu. Basi asikatazwe mtu kwa ukali lisilokatazwa. Lakini mwenye akili atafahamu funzo, nalo ni kuwa jiwe halihisi uchi wala baridi, na mwanadamu huhisi. Ikiwa fedha ya kununulia sahani za kale za kubandika ukutani mwa choo imezidi fedha iliyotumika kupata maji safi ya watu wa nyumba hiyo, mizani imepinduka.

Na pana pambo moja lisilofaa hata likiwa la bei gani, nalo ni maandishi. Wako watu wanaopata bamba la kale la mti au la kauri lililoandikwa aya, au jina la Mwenyezi Mungu, wakaona hati yake imependeza, wakalibandika chooni. Adabu iliyofundishwa na wanavyuoni ni kuwa mtu asiingie chooni na kitu chenye jina la Mwenyezi Mungu hata kikiwa ni pete, isipokuwa kwa haja. Basi vipi kulijengea makazi humo? Bamba hilo lina mahali pake sebuleni. Na ikiwa mgeni asiye Muislamu ndiye aliyepanga nyumba, naye hajui, mwenye nyumba ndiye ajuaye, na dhima ni yake.

Shimo na Kisima

Mwenye kutengeneza choo hutazama yaliyo juu ya sakafu, na sharia humtaka atazame yaliyo chini yake. Mawe ya pwani hii yana matundu, na maji hupita humo kwa wepesi. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, uchafu hufika kisimani, nao hauonekani kwa macho. Na kipindupindu na homa ya matumbo hupita kwa njia hiyo. Nyumba ya kale ilikaliwa na jamaa moja waliotumia kata. Nyumba hiyo hiyo leo imegawanywa vyumba vya wageni, kila chumba na choo chake cha kuvuta maji, na maji yote huingia katika lile shimo moja la wazee. Juu kuna nakshi, na chini pamefurika.

Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotulia kisha akaoga humo; na amewatahadharisha watu na mahali patatu paletapo laana kwa kwenda haja hapo, napo ni kwenye maji watu wanayoyaendea, na kati ya njia, na penye kivuli chao. Basi aliyeacha shimo lake likavuja kisimani mwa jirani, hali anajua, hatofautiani sana na aliyekwenda haja juu ya maji yao. Na kanuni ya sharia ni kuwa mtu asidhuru wala asilipize dhara. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kutengeneza choo itoke kwa shimo: lipimwe, lijengewe, liondolewe taka kwa wakati wake, na liwe mbali na kisima. Ikibaki fedha, ndipo zijengwe vidaka.

Tena, fundi anapoweka mahali pa kukaa chooni, aulize kibla kiko wapi. Madhehebu ya Imamu Shafii imesamehe ndani ya jengo lenye kizuizi, lakini kujiepusha na kuelekea kibla au kukipa mgongo ni bora, na kugeuza mahali hapo kabla ya kujenga hakugharimu kitu.

Jiko

Wazee wa Lamu waliliweka jiko juu darini, chini ya paa la makuti, ili moshi uende zake na upepo, wala usiingie ndani mwa watu. Mwenye kuliteremsha jiko la kuni au la makaa mpaka chumba cha chini, kwa kuwa mafiga na vyungu hupendeza kutazamwa, asisahau kuwa aliyekiteremsha ni moshi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa katika mwaka 2020 watu zaidi ya milioni 3 walikufa duniani kwa moshi wa majumbani. Wanaoukaa moshi huo ni wanawake, na watoto walio migongoni mwao. Mgeni hula akasifu upishi wa kale, akaondoka. Mpishi hubaki na kifua chake. Basi ama jiko lirudishwe juu, ama lipate dohani na madirisha mawili yanayoelekeana, ama kipikwe kwa gesi na vyungu vibaki kuwa kumbukumbu.

Sufuria ya shaba nayo ina sharti yake. Zamani zilipakwa bati kwa ndani, na bati likichakaa hupelekwa kwa fundi apake tena. Shaba tupu ikipikiwa kitu kikali kama ukwaju, au ndimu, au siki, huliwa ikaingia katika chakula, na kutu yake ya kijani hudhuru matumbo. Kwa hiyo sufuria ya kale iliyochakaa bati hung'arishwa kwa ukwaju na majivu ikawekwa rafuni, wala haipikiwi. Na vyombo vya dhahabu na fedha, vya kale na vya sasa, kuvilia na kuvinywea ni haramu kwa wanaume na wanawake.

Mwisho ni kawa. Kawa ni kifuniko cha ukindu kilichosukwa kwa rangi, mfano wa pia, nalo hufunikia sinia la chakula. Mtume (S.A.W.) ameamrisha vyombo vifunikwe usiku, na viriba vifungwe vinywa, na taa zizimwe, na asiyepata kifuniko aweke japo kijiti juu ya chombo na alitaje jina la Mwenyezi Mungu. Wanawake wa pwani walisikia amri hii wakaichukua mikononi mwao, wakaisukia ukindu, wakaitia rangi, mpaka utii wenyewe ukawa pambo. Hili ndilo pambo lililo bora, kwani limezaliwa na kazi.

Leo makawa hununuliwa kwa wingi. Hutundikwa ukutani mwa jiko, matatu matatu kwa ukubwa, na taa ikaelekezwa kwake. Na chini ya ukuta huo huo, juu ya meza, wali umeachwa wazi, na nzi wanautembelea tangu adhuhuri. Kawa limo nyumbani na chakula hakikufunikwa. Linalokosekana ni mkono wa kulishusha.

Hatima

Yaliyotangulia yote yarejea kwenye neno moja. Katika Sura ya At-Tawba, Mwenyezi Mungu amewasifu watu wa msikiti ulioasisiwa juu ya uchaji kuwa ni watu wapendao kujitwahirisha. Hakutaja nakshi yao wala upana wa kuta zao. Wazee wa pwani hii walilifahamu hilo, wakajenga choo na jiko kwa namna ambayo twahara iwe nyepesi na uchafu uwe mzito. Uzuri ulioonekana ulikuwa ni kivuli cha jambo hilo.

Basi mwenye nyumba ya kale, au mwenye kujenga mpya kwa mfano wa kale, kabla ya kumwita fundi wa nakshi, na azunguke nyumba yake peke yake na kujihesabu. Shimo liko mbali na kisima? Birika limesuguliwa wiki hii? Kata imetundikwa? Moshi una pa kutokea? Chakula cha jana usiku kililala na kifuniko? Anayefanya usafi humu anajua dawa anazozishika? Akijibu kwa kweli kuwa ndiyo, na apambe atakavyo kwa kiasi, na pambo lake litakuwa shukrani. Na akijibu kuwa siyo, kazi yake ya kwanza ameijua, nayo haihitaji mali nyingi: chokaa, makumbi, msumari, na kawa lililoshushwa ukutani.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu wawe katika wenye kutubu na wenye kujitwahirisha, awape maji safi katika nyumba zao na nyoyo safi katika vifua vyao, na awarehemu wazee waliowaachia mfano mwema.

Wallahu aalam. Wabillahi ttawfiq.